Dhwadi Yetu na Simu ya Mkononi

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Ulitufikia usiku wa kuamkia Ijumaa, mwaka 2021, tukiwa tumetoka msikitini baada ya swala ya Isha na tumeketi barazani tukisubiri chakula. Aliyeuandika ni mwalimu wa kike wa madrasa moja ya upande wa Kwale, ambaye hatukuwahi kumwona na hadi leo hatujamwona. Aliandika hivi: "Assalaam alaykum Maalim wetu. Naomba radhi kabla ya neno. Nimeisikiliza sauti ya somo la Fatiha aliyotuwekea Maalim leo, na nimefaidika. Lakini ile dhwadi ya mwisho, masikioni mwangu inakuja kama dhwaa. Huenda ni simu yangu. Naomba Maalim aisikilize tena, na kama nimekosea anisamehe mimi mwanawe."

Alituandikia sisi peke yetu, wala hakuyasema hayo mbele ya kundi zima la walimu. Na ile "huenda ni simu yangu" ilikuwa ni mlango aliotuachia wazi makusudi, ili tukitaka kutoka kwa heshima tutoke. Tumekaa katika ualimu zaidi ya miaka 30, na ni mara chache kuona mtu akimsahihisha mkubwa wake kwa adabu kama ile. Hata hivyo usiku ule hatukuiona adabu. Tuliona binti mwenye umri wa wajukuu wa marafiki zetu akitufundisha Alhamdu.

Kwa faida ya msomaji ambaye hakusoma tajwidi, au alisoma zamani akasahau, tueleze kidogo. Lugha yetu ya Kiswahili imepokea maneno mengi ya Kiarabu, na katika kuyapokea imezikusanya herufi tatu ikazifanya sauti moja. Dhahabu kwa Kiarabu huandikwa kwa dhali. Dhuluma na adhuhuri huandikwa kwa dhwaa. Kadhi na Ramadhani huandikwa kwa dhwadi. Sisi sote, kutoka Vanga hadi Kiunga, tunazitamka kwa "dh" ile ile, na katika mazungumzo hapana ubaya. Kila lugha ina haki juu ya maneno iliyoyachukua. Tatizo huja pale ulimi uliozoea sokoni unapoingia katika kisomo. Dhali na dhwaa hutoka ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno ya mbele ya juu, na dhwaa huzidi kwa uzito. Dhwadi haitoki hapo kabisa. Makhraji yake ni ubavu wa ulimi unapoegemea magego ya juu, kushoto au kulia, na sauti hutembea kwenye ubavu huo kabla ya kutoka. Ni herufi nzito kuliko zote, na hata Waarabu wenyewe wengi wao leo huikosea.

Na neno la mwisho la Suratul Fatiha lina dhwadi.

Sisi tuliipokea dhwadi yetu chuoni, kwa marehemu maalim wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, tukiwa na ubao na kalamu ya tete, na bakora ikiwa imelala juu ya paja lake. Yeye aliipokea kwa maalim wake. Hatukuwahi kushuku. Mtoto wa miaka saba huambiwa "sema hivi", naye husema hivyo, na akiwa na miaka 20 akikabidhiwa watoto wa wenzake, naye huwaambia "semeni hivi". Hivyo ndivyo tulivyofanya. Ni watoto wangapi tuliowasomesha hatukuwahi kuwahesabu, lakini wapo walio maimamu, wapo walio mama wa watoto ambao nao ni wanafunzi wetu sasa, na wapo waliokwisha tangulia mbele ya haki.

Labda msomaji atauliza, mtu wa ubao na kalamu ya tete aliingiaje katika kundi la WhatsApp. Tukiri kwamba tulikuwa miongoni mwa waliozipiga vita simu. Mtoto aliyekuja na simu chuoni tuliichukua, na mzazi ndiye aliyekuja kuikomboa. Tulihutubu juu yake zaidi ya Ijumaa moja. Aliyeanza kutulainisha ni binti yetu mkubwa, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Mtaala wa umilisi ulipoanza nchi nzima mwaka 2019, tulikuwa tukimwona kila jioni ameinamia simu, tukadhani ni yale yale ya vijana. Siku moja akatuita tutazame. Walimu waliotawanyika shule mbalimbali walikuwa wakionyeshana namna walivyotengeneza vifaa vya kufundishia kwa vifuniko vya chupa na makatoni. Mmoja akauliza somo fulani alianze vipi kwa darasa la watoto 70, na kabla ya saa kupita wenzake kumi walikuwa wamemjibu, kila mmoja kwa aliyoyajaribu. Tukamwambia kwamba zamani mambo hayo yakifanyika katika chumba cha walimu. Akasema, "Baba, shuleni kwetu chumba hicho kimegeuzwa stoo."

Kisha ukaja Machi 2020. Shule zikafungwa, na chuo chetu kikafungwa. Hata mahali pa ibada palipofunguliwa Julai mwaka ule, kwa masharti ya watu wasiozidi 100 na muda usiozidi saa moja, madrasa ziliamriwa kubaki zimefungwa, na watoto walio chini ya miaka 13 hawakuruhusiwa msikitini. Kina mama ndio waliokuja mlangoni petu. Walisema watoto wanasahau. Juzuu waliyoihifadhi kwa mwaka mzima inayeyuka kama barafu kwenye sinia. Binti yetu akatufungulia kundi, akatuonyesha pa kubonyeza ili kurekodi sauti, na usiku wa kwanza tukapokea jumbe 38 za sauti kutoka kwa watoto 38.

Hapo tulijifunza jambo ambalo miaka yote ya chuoni haikutufundisha. Chuoni watoto husoma kwa pamoja, na mwalimu husikia bahari, hasikii tone. Katika simu kila mtoto huja peke yake. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye kwa miaka miwili alikaa nyuma karibu na nguzo na tukamhesabu kuwa mzito wa kuhifadhi. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa ni Suratul Mulk, yote, bila kukwama, kwa sauti ya chini sana, na nyuma yake akisikika jogoo. Alikuwa anaogopa wenzake tu, na anatuogopa sisi. Tangu chuo kilipofunguliwa tena tumeweka utaratibu kwamba kila mtoto, mara moja kwa juma, atumwe na mzazi wake asome kwenye simu akiwa peke yake. Hatujui kwa nini tulihitaji maradhi ya dunia nzima ili kutambua kwamba mtoto anafaa kusikilizwa peke yake.

La pili hatukulitazamia. Kina mama waliokuwa wakishika simu ili mtoto asome walianza kusikiliza masahihisho yetu, na baadhi yao wakayachukua. Mama mmoja anayekaanga mahamri alfajiri alitueleza kwamba huegemeza simu kwenye kopo la unga na kusikiliza somo la mwanawe huku akisukuma donge. Baada ya mwezi alitutumia kisomo chake mwenyewe, akiomba radhi kwa sauti ya mafuta yanayochemka. Alikuwa ameachishwa chuo akiwa na miaka kumi ili amlee mdogo wake. Leo wapo kina mama 41 katika darasa la jioni, mke wetu akiwa ndiye msimamizi, na masomo ni ya sauti tu, hakuna sura za watu. Kina mama hawa hawakuwa na saa ya kwenda chuoni, na chuo hakikuwahi kujiuliza kwa nini hawaji.

Kundi la walimu lilizaliwa katika siku hizo hizo. Mwalimu mmoja wa Malindi alilifungua, na kabla ya mwaka kwisha lilijaa, maana WhatsApp wakati huo haikukubali zaidi ya watu 256 katika kundi moja. Desturi ilikuwa kwamba kila Alhamisi walimu watatu hurekodi dakika mbili za somo walilolifundisha, na wengine hutoa maoni. Tusimdanganye msomaji akadhani lilikuwa ni baraza la wanazuoni. Nusu ya yaliyopita humo yalikuwa maua ya "Ijumaa Mubarak", na dua zilizoandikwa juu ya picha ya machweo, na tangazo la kiwanja kinachouzwa Mtwapa. Mara mtu akatuma ile kauli mashuhuri ya kutafuta elimu hata Uchina, akiinasibisha kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na kijana mmoja akauliza kwa upole isnadi yake iko wapi. Wanazuoni wa hadithi wameitia dosari kauli ile tangu zamani, na sisi tulinyamaza kimya, kwa kuwa tuliwahi kuitumia katika harambee tatu za kujenga madrasa. Baadaye liliwekwa sharti kwamba hapana hadithi itakayotumwa bila kutajwa kitabu chake. Jumbe zikapungua ghafla.

Katika kundi hilo ndipo ilipofika zamu yetu, tukatuma somo la Fatiha, tukiamini kabisa kwamba tumewachagulia wenzetu jambo jepesi.

Sasa turudi barazani. Jambo la kwanza tulilolifanya baada ya kusoma ujumbe wa yule mwalimu ni kuandika jibu refu, lenye majina ya masheikh zetu na miaka tuliyosoma kwao, kisha tukalifuta. La pili ni kutaka kujitoa katika kundi. Tulikifikia hata kile kibonyezo. Mama watoto akaleta chakula, akatuona nyuso zimebadilika, akauliza ni nani amefariki. Tukamsomea ujumbe. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi sikiliza, kama alivyokuomba."

Tuliisikiliza sauti yetu wenyewe. Kisha tukamtafuta Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa wa kwanza kurekodi msahafu mzima kwa kisomo cha murattal, mwaka 1961, na ambaye kisomo chake leo hupatikana na kila mwenye simu. Tukamsikiliza neno la mwisho, kisha tukajisikiliza, kisha tukamsikiliza tena. Haikuwa simu. Kwa hakika sauti inayopita katika simu hubanwa, na herufi zenye mpulizo kama swadi na sini hupungua ladha, na mwalimu asiyeiona midomo ya mwanafunzi hufundisha nusu gizani. Tumeyaona hayo kwa watoto. Lakini simu ile ile, spika ile ile, ilimpa Husary dhwadi na ikatupa sisi dhwaa.

Watu wa pwani yetu ni wafuasi wa Imamu Shafi'i, na katika chuo chetu sisi hufundisha Minhaj ya Imamu Nawawi. Tulikuwa tunaujua vizuri mlango wa nguzo za swala, ambamo ametaja kwamba anayebadilisha dhwadi kwa dhwaa katika Fatiha, kisomo chake hakisihi kwa kauli iliyo na nguvu zaidi. Wafafanuzi wakaeleza kwamba hayo ni kwa anayeweza au anayeweza kujifunza; asiyeweza ana udhuru wake. Tulikuwa tumelifundisha suala hilo kwa vijana wakubwa, kwa kitabu mkononi, tukawaeleza tofauti baina ya mwenye kuweza na asiyeweza, na tukalitamka neno lenyewe kwa dhwaa. Usiku ule hatukulala vizuri. Kwa kuwa maadamu hatukujua tulikuwa upande mmoja wa mlango ule, na baada ya ujumbe ule tulikuwa upande wa pili.

Asubuhi tulikwenda kwa mzee mmoja wa elimu ambaye hana simu ila ile ya vibonyezo. Suala la swala zilizopita tulimwuliza, naye alitujibu, na mahali pake si hapa. Kila mwenye hali hiyo na amwulize sheikh wake. La kujifunza alisema neno moja tu: "Jifunze." Tukamwambia aliyetuzindua ni mwanamke, tena kijana. Akatukumbusha Karima al-Marwaziyya, aliyekaa Makka akiisomesha Sahihi Bukhari, na wanazuoni wanaume wakubwa, akiwemo al-Khatib al-Baghdadi, wakaketi kuipokea kwake. Jambo hilo tulilijua. Tulilitaja hata katika mawaidha ya kina mama, tukiwahimiza. Kulitaja na kulitenda vimetofautiana.

Tukamjibu yule mwalimu kwamba hakukosea. Tukamwuliza yeye alijifunzia wapi. Akasema kwa mwalimu wa kike wa Misri, kwa video, siku mbili kwa juma, miaka mitatu mfululizo, akilipia bando kwa fedha za ushonaji wake. Wazee wetu waliikata bahari kwa jahazi kutafuta elimu. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi wa Unguja, alifika Hadhramaut na Istanbul na Misri na Makka kabla hajafa mwaka 1925. Binti huyu amefika Misri akiwa mbele ya cherehani yake, Kwale. Kwa idhini ya mumewe, na kwa utaratibu wa kwamba masahihisho yote yawe kwa sauti na yawekwe wazi mbele ya walimu wengine waliotaka kujifunza pamoja nasi, tulianza. Tulikuwa walimu tisa. Wa umri wetu tulikuwa wawili tu.

Ilituchukua miezi minne. Ulimi wa mtu wa miaka 52 ni kama mlango wa zamani: hufunguka, lakini kwa kelele. Alituelekeza tuanze na dhwadi yenye sukuni, tuegemeze ubavu wa ulimi kwenye magego na tusikilize sauti inavyotembea, na tusiupeleke ulimi mbele kwenye meno hata kidogo. Tulijizoeza kila mahali. Siku moja kwenye feri ya Likoni mama mmoja mtu mzima alitutazama kwa muda, akatufungulia mkoba wake na kutupa karafuu, akidhani tunaumwa na jino. Tukaipokea na kumshukuru, kwani kumweleza habari ya makhraji ya herufi mbele ya abiria wale kungehitaji safari ndefu kuliko ile. Kila juma tulituma kisomo chetu, na kila juma jibu lilikuja: "MashaAllah Maalim, imekaribia." Neno "imekaribia" tulilisikia mara 13. Mara ya 14 alisema, "Hii ndiyo." Mama watoto, ambaye miezi ile yote alikuwa akituuliza kama tumeoa simu, alipika biriani.

Pana mambo ya mitandao haya ambayo hayakutufurahisha, na tusipoyasema tutakuwa tumemficha msomaji upande mmoja wa bidhaa. Katika siku hizo hizo, mwalimu mmoja alirekodi kwa video mtoto aliyekuwa akikosea kusoma, akikosea vile vile kila anaporudia, na wenzake wakicheka. Pengine nia yake ilikuwa kuwaonyesha walimu namna kosa linavyokaa. Video ikatoka katika kundi letu ikaenda makundi mengine, na kutoka huko ikaenda kwa watu wasio walimu, wakaiwekea muziki. Mtoto yule ana jina na mtaa, na mtaani walimjua. Hakurudi chuoni tena. Mama yake alitupigia simu kutuuliza kama tunaweza kuifuta. Tulimwambia tumeifuta kwetu. Zaidi ya hapo hatukuwa na la kumwambia. Sheria ya nchi ya ulinzi wa data, ya mwaka 2019, imeweka kwamba taarifa za mtoto zisishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi wake, na picha yake na sauti yake ni katika taarifa hizo. Lakini kabla ya sheria ya nchi tulikuwa na sitara, na ilikuwa kazi yetu sisi wakubwa katika kundi kulisema hilo siku ile ile. Tulilisema baada ya siku tatu. Mama yeyote anayesoma gazeti hili ana haki ya kumwuliza mwalimu wa mwanawe: unarekodi nini, unamtumia nani, na inafutwa lini. Asione haya. Mwalimu akikasirika kwa swali hilo, basi swali limefika mahali pake.

Zipo pia ijaza zinazotangazwa kwa bei, unalipa, unasoma siku saba, unatumiwa karatasi yenye mapambo. Hizo tunazipita kimya.

Miezi minne ilipokwisha lilibaki jambo zito kuliko lile la ulimi. Kujisahihisha sisi ilikuwa ni kwa ajili yetu. Tulikuwa tumewapa watu dhwadi isiyo dhwadi kwa miaka 30, na wao wanaipeleka mbele. Baadhi ya walimu wenzetu walituomba tusifanye. Walisema mwalimu akijifedhehesha, watu hupoteza imani na wote. Mmoja, mtu tunayempenda sana, alisema tuanze tu kufundisha sahihi kuanzia sasa, na hayo ya nyuma tumwachie Mola. Tuliizingatia rai yake kwa juma zima, na tukiri kwamba ilitupendeza.

Mwishowe tulirekodi sauti ya dakika mbili. Tulisema jina letu, tukasema kwamba herufi ya mwisho wa Fatiha tuliyowafundisha tulikosea, tukaisoma tulivyokuwa tukiisoma, tukaisoma inavyopaswa, tukawaomba wote waliosoma kwetu watutumie kisomo chao tuwasahihishe mmoja mmoja. Hatukueleza sababu nyingi. Tukaituma katika kundi la wazazi, na katika kundi la wanafunzi wa zamani, na tukawaomba waifikishe kwa wasiokuwemo. Kisha tukaizima simu tukaenda kuswali.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, neno lake liliwafikia watu kwa kasi ya karatasi inayopita mkono kwa mkono. Sisi tulipoiwasha simu baada ya swala, jumbe zilikuwa zaidi ya 60. Baba mmoja alimtoa mwanawe chuoni, akasema hakulipa ada ili mtoto afundishwe makosa, hatukumlaumu. Mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa ni mlinzi wa usiku huko Doha, alitutumia kisomo chake saa nane za usiku kutoka kibandani kwake, akasema ana saa nyingi na hana wa kuzungumza naye, basi tumkosoe apendavyo Mungu. Yeye amekuwa sahihi kabla ya wengine wote. Yule mama wa mahamri alisoma neno lile mara tatu katika ujumbe mmoja, na ya tatu ikawa imekaribia. Bibi mmoja wa miaka 70 na zaidi, ambaye mwanawe alisoma kwetu na yeye akasoma kwa mwanawe, aliuliza kama Mwenyezi Mungu ataupokea ulimi wake uliochoka. Tulimwendea nyumbani. Tuliketi naye, tukajaribu, haikuwezekana. Meno ya magego hana. Tulimweleza kwamba wenye udhuru wametajwa katika vitabu pamoja na wenye uwezo. Alilia kidogo, kisha akatuletea kahawa.

Waliojibu hadi leo wamepita mia. Daftari tunalo, kila jina na tarehe aliyoisahihisha. Mke wetu anawasikiliza wanawake, sisi wanaume.

Kuna mmoja hajajibu. Huyu tulimsomesha tangu alif hadi msahafu mzima, na sasa ni imamu katika kijiji kimoja kaskazini mwa Malindi, anaswalisha watu mara tano kwa siku na ana chuo cha watoto wake mwenyewe. Ujumbe wetu aliufungua siku ile ile. Alama mbili za buluu tuliziona. Tulimtumia wa pili, akaufungua. Baada ya siku chache alijitoa katika kundi la wanafunzi wa zamani. Tulimpigia, simu ikaita hadi ikakatika. Pengine ameona kwamba tumemvunjia heshima mbele ya maamuma wake. Pengine ana hasira, na hasira yake tunaijua, kwa kuwa nasi tulikifikia kile kibonyezo cha kujitoa. Ila yetu sisi ilikuja kwa ujumbe wa faragha wenye "huenda ni simu yangu". Yeye alipata tangazo.

Binti yetu aliposikia alituuliza kama tulimwandikia peke yake kabla ya kuliandikia kundi. Hatukumwandikia.

Jumamosi hii, inshaallah, tutapanda matatu ya alfajiri kwenda Malindi, na kutoka hapo tutachukua bodaboda. Hatukumwarifu, isije ikawa amesafiri siku hiyo. Mama watoto amefunga halua na tende za watoto wake. Tumeuchukua ule ubao wake wa zamani, ambao aliuacha chuoni alipohitimu na sisi tukauweka. Simu pia tumeichaji, kwa kuwa mwalimu wa Kwale ameomba kusikia kisomo chake, akikubali kurekodiwa.